Zilipendwa: Redio, Salamu na Kipimo cha Wimbo Uliopendwa Afrika Mashariki

Utangulizi

Neno *zilipendwa* ni miongoni mwa maneno ya Kiswahili yanayojulikana na kila mtu lakini yaliyochunguzwa na wachache. Kwa mazoea, neno hili hutumika kuzitaja nyimbo za dansi za miaka ya 1960, 1970 na 1980, na pengine za taarabu, ambazo vituo vya redio vya Tanzania na Kenya vimeendelea kuzitengea vipindi maalumu. Msikilizaji akilisikia neno hili, mara moja hukumbuka sauti ya tarumbeta na gitaa, redio ya betri iliyowekwa dirishani, na mtangazaji aliyesoma majina ya watu bila ya haraka.

Kisarufi neno hili lina jambo la kushangaza. Kama lingekuwa sifa ya kawaida ya nomino *nyimbo*, lingepaswa kuwa *zilizopendwa*, pamoja na kirejeshi *-zo-*. Badala yake, tunalo neno lenye kiambishi cha ngeli *zi-*, kiambishi cha wakati uliopita *-li-*, mzizi *-pend-*, kiambishi cha kauli ya kutendwa *-w-* na kiishio *-a*. Hiyo ni sentensi kamili, nayo imekuwa jina. Kiswahili kinalo desturi hiyo katika majina ya watu, kama vile Sikujua na Sikudhani. Lakini ni nadra sentensi kuwa jina la aina nzima ya muziki.

Sentensi hiyo inatoa hukumu, lakini inamficha mtoa hukumu. Katika kauli ya kutendwa mtenda huweza kuachwa, naye hapa ameachwa. Zilipendwa na nani? Zilipendwa kwa kipimo gani? Swali hili ndilo kiini cha mhadhara huu. Hoja inayotetewa ni kwamba zilipendwa si kumbukumbu tu ya mapenzi ya wasikilizaji. Ni matokeo ya mfumo maalumu wa redio ambao ulirekodi, ulichuja, ulihesabu na ulihifadhi kwa njia zake. Anayeutazama muziki huo kama kioo cha jamii ya Waswahili bila ya kuuchunguza mfumo huo huenda akaihesabu sauti ya studio kuwa ndiyo sauti ya jamii nzima.

Kutoka santuri hadi sauti ya mji

Kabla ya redio, wimbo wa Kiswahili ulisafiri kwa santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay na kurekodi nyimbo za taarabu. Santuri hizo zilieneza jina lake mwambao wote. Hata hivyo, santuri ilihitaji gramafoni, na gramafoni ilikuwa mali ya wachache. Watu wengi waliusikia wimbo kwenye mkahawa au barazani kwa mwenye uwezo, na aliyechagua santuri ya kupigwa alikuwa mwenye chombo.

Utangazaji wa redio ulianza Nairobi mwaka 1928, lakini kwa miaka mingi ulikuwa hasa kwa ajili ya walowezi. Mwafrika alianza kuhesabiwa kuwa msikilizaji wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza London mwezi Juni 1939, miezi michache kabla ya vita. Mwaka 1951 matangazo yalianza Dar es Salaam, yakisikika mjini na maeneo ya jirani tu, na mwaka huohuo Unguja nayo ilipata kituo chake. Mombasa ya miaka ya 1950 ilikuwa na Sauti ya Mvita. Mwaka 1954 Cairo ilianzisha matangazo ya Kiswahili yaliyoushambulia ukoloni waziwazi, na watu wa mwambao wakayafuatilia kwa hamu.

Majina ya vituo hivi yanastahili kuangaliwa: Sauti ya Dar es Salaam, Sauti ya Unguja, Sauti ya Mvita. Kituo kilifikiriwa kuwa koo la mji. Mji ulikuwa na sauti yake, na aliyeisikia aliutambua kwa lafudhi, kwa majina ya mitaa iliyotajwa, na kwa waimbaji ambao msikilizaji aliweza kukutana nao sokoni. Jambo hili lilikuwa na uzito wa kipekee Mombasa. Tangu mwaka 1930, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilikuwa imeichukua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lahaja yenye hazina kubwa ya ushairi, kikabaki pembeni mwa vitabu vya shule. Redio ya mji ilikuwa mahali ambapo mwenyeji wa Mombasa aliweza kujisikia mwenyewe.

Baada ya uhuru hali hiyo ilibadilika upesi. Nchini Kenya utangazaji ulitaifishwa mwaka 1964 ukawa Sauti ya Kenya. Shirika la utangazaji la Tanganyika lilivunjwa mwaka 1965, na mahali pake pakasimama Redio Tanzania Dar es Salaam, chini ya serikali moja kwa moja. Sauti ya mji ikawa sauti ya taifa. Mabadiliko hayo yalikuwa na faida kubwa kwa Kiswahili, kwa kuwa lugha moja ilisikika kwa wakati mmoja Kigoma, Lindi na Bukoba. Lakini gharama yake nayo ilikuwapo: jambo la mtaani lilipaswa sasa kuwa jambo la nchi nzima ili lipate nafasi hewani.

Redio kama studio na kama mchujo

Nchini Tanzania redio haikuwa mpigaji wa nyimbo tu. Kwa muda mrefu ilikuwa ndiyo mrekodi mkuu. Nchi haikuwa na kiwanda cha kudumu cha kutengeneza santuri, na bendi iliyotaka kusikika ilielekea kwenye studio za Redio Tanzania, katika Barabara ya Pugu. NUTA Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz, Cuban Marimba na Morogoro Jazz za Morogoro, Tabora Jazz, Atomic na Jamhuri Jazz za Tanga, na baadaye Vijana Jazz, Maquis na DDC Mlimani Park, zote zilipita katika mkondo huo. Santuri zilipotengenezwa, mara nyingi zilitengenezwa Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, biashara hiyo nayo iliyumba. Mawimbi ya redio hayakuwa na forodha. Nyimbo za Dar es Salaam ziliendelea kusikika Mombasa na Nairobi, na za Nairobi zikaendelea kusikika Moshi na Arusha.

Sera ya utamaduni iliusaidia muziki huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Redio Tanzania iliuweka kando muziki wa kigeni na kuipa bendi za nyumbani nafasi ambayo hazikuwahi kuwa nayo. Kenya ilijaribu jambo linalofanana mwaka 1980, pale Sauti ya Kenya ilipoagizwa kwamba asilimia 75 ya muziki uwe wa Kenya. Lakini agizo hilo halikudumu. Tofauti ya matokeo hayo mawili inaeleweka. Nairobi ilikuwa makao ya kampuni za santuri na kituo cha wanamuziki kutoka nchi mbalimbali, wakiwamo wale wa Kongo walioimba kwa Kiswahili na Kilingala. Wimbo *Shauri Yako* wa Nguashi N'timbo, mwanamuziki wa Kongo, ulipata umaarufu mkubwa Afrika Mashariki ulipoimbwa na Orchestra Super Mazembe mjini Nairobi. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, si rahisi kusema wimbo kama huo ulikuwa wa kigeni kwa nani.

Studio ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na bawabu. Mashairi ya nyimbo yalikaguliwa kabla ya bendi kurekodi, na wimbo ulioonekana kuvunja maadili au kuigusa siasa vibaya haukurekodiwa. Matokeo yake kwa lugha yalikuwa ya aina mbili. Kwa upande mmoja, watunzi walisukumwa kuandika Kiswahili fasaha, chenye mafunzo na mpangilio, na ndiyo maana nyimbo nyingi za zama hizo zinasomeka kama shairi au hadithi fupi. Kwa upande wa pili, jambo lisiloweza kusemwa wazi lilitafutiwa fumbo. Fumbo ni mbinu ya kale katika ushairi wa Kiswahili, na ukaguzi ukalitia nguvu mpya. Bendi zilisemana kwa mafumbo, na wapenzi wao wakafasiri. Ushindani wa JUWATA Jazz na Mlimani Park, yaani wa Msondo na Sikinde, ulianza baada ya Mlimani Park kuundwa mwaka 1978 na kumpata mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo kutoka JUWATA. Ushindani huo uliwagawa wasikilizaji karibu kama timu za mpira.

Hapa ndipo jibu la kwanza la swali la utangulizi linapopatikana. Zilipendwa ni nyimbo zilizopendwa kati ya zile zilizoruhusiwa kupendwa. Zile zilizokataliwa mlangoni hazina kanda, na zisizo na kanda hazina nafasi katika kipindi cha kumbukumbu.

Salamu kama kura

Jibu la pili linahusu kipimo. Nchini Marekani kipindi cha kuhesabu nyimbo kuelekea wimbo wa kwanza kiliegemea orodha za jarida. *American Top 40*, kilichoanza tarehe 4 Julai 1970 kikitangazwa na Casey Kasem, kilihesabu kutoka wimbo wa arobaini hadi wa kwanza kwa kufuata orodha ya jarida la Billboard, na orodha hiyo ilitokana na mauzo ya santuri na idadi ya mara ambazo wimbo ulipigwa redioni. Wimbo bora ulikuwa na namba.

Afrika Mashariki haikuwa na mizani hiyo. Mauzo ya santuri hayakuwa ya kuaminika mahali ambapo watu wengi waliusikia wimbo bila ya kuinunua santuri, na hali ikawa ngumu zaidi kaseti zilipoenea katika miaka ya 1980 na nakala kutengenezwa ovyo madukani. Kilichokuwapo ni barua. Msikilizaji aliandika, au alinunua kadi ya salamu na kuijaza, akauomba wimbo, akawataja wale aliotaka wausikie pamoja naye. Idadi ya barua na kadi ndiyo iliyomwonyesha mtangazaji kipi kinapendwa. Salamu ilikuwa kura.

Kama matini ya lugha, kadi ya salamu ni utanzu kamili. Ilikuwa na sehemu zake: jina la mwandishi na mahali alipo, orodha ya wanaosalimiwa, popote pale walipo, wimbo unaoombwa, na mwisho ujumbe, ambao aghalabu ulikuwa methali au onyo la kirafiki. Orodha ya majina ilikuwa na utaratibu wa heshima: wazazi kwanza, kisha wakubwa, kisha rika, kisha watoto. Mtu aliyesahauliwa katika orodha aliweza kununa kweli, na aliyetajwa aliweza kuitwa na majirani waje wasikilize. Wapenzi wa salamu walijipa majina ya utani yaliyojulikana nchi nzima, na nchini Kenya walianzisha vyama vyao, wakafahamiana na kutembeleana baada ya kujuana hewani.

Utanzu huu haukuzuka ghafla. Barua za Kiswahili za mwambao, zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, zilifungua kwa salamu ndefu kabla ya kufikia neno *ama baada*, ambapo jambo lenyewe lilianza. Kadi ya redio ilichukua mlango ikaufanya kuwa nyumba: salamu yenyewe ndiyo iliyokuwa jambo. Kwa watu waliotawanywa na kazi za mashambani, za reli, za bandari na za jeshi, kutajwa jina hewani kulikuwa ushahidi kwamba mtu yu hai na hajasahau kwao. Haishangazi kwamba wagonjwa walitengewa salamu zao, kwa kuwa aliyelazwa mbali na nyumbani alihitaji kusikia jina lake kuliko mtu mwingine yeyote.

Ni vyema kukumbuka kwamba hata katika kipindi cha Kasem, kuanzia mwaka 1978, barua za wasikilizaji waliomtumia mtu wa mbali wimbo zilisomwa katikati ya hesabu, na zikawa sehemu iliyokumbukwa sana. Namba peke yake haikutosha hata kule ilikotoka. Tofauti ni kwamba huko barua ilikuwa pambo la hesabu, ilhali Afrika Mashariki barua ndiyo iliyokuwa hesabu.

Kipimo hiki nacho kina upungufu wake. Kura ya barua ni kura ya anayejua kuandika, mwenye fedha ya stempu au kadi, na aliye karibu na posta. Mkulima asiyejua kusoma aliweza kuupenda wimbo miaka kumi bila ya kuhesabiwa. Tena, mtu mwenye bidii ya kuandika aliweza kuhesabiwa mara nyingi. Kampeni za kufuta ujinga za miaka ya 1970 nchini Tanzania ziliongeza idadi ya waandishi, na haikosi ziliongeza wapiga kura wa muziki. Hata hivyo, ni wazi kwamba *zilipendwa na nani* ina jibu lenye mipaka.

Uzito wa sauti

Kwa nini basi watu huikumbuka redio hiyo kwa mapenzi makubwa hivyo, ilhali ilikuwa ya serikali, yenye ukaguzi na uchaguzi mdogo? Sehemu ya jibu ni uchache wenyewe. Palipokuwa na idhaa moja au mbili, wimbo ulisikika kwa pamoja. Mtu aliyepita mtaani jioni aliweza kuufuata wimbo kutoka nyumba hadi nyumba bila ya kukosa ubeti. Betri zilizochoka zilianikwa juani ili zifike saa ya kipindi. Kitu kinachosubiriwa na wengi kwa saa moja huwa kalenda ya jamii, na neno *kipindi*, ambalo tangu zamani lilitaja nyakati za siku na za sala, likapata maana yake ya redio bila ya kulazimishwa.

Sehemu nyingine ni imani katika sauti. Wanasiasa na wanajeshi waliifahamu imani hiyo. Katika mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, ilikuwa ni redio iliyoifikisha sauti ya John Okello kwa watu. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga wa Kenya waliojaribu kuipindua serikali walikiteka kituo cha Sauti ya Kenya na kumlazimisha Leonard Mambo Mbotela atangaze. Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alikuwa ameanza kipindi cha *Je, Huu ni Ungwana?* mwaka 1966, na kwa wasikilizaji sauti yake ilikuwa sauti ya mtu wa nyumbani. Waasi walijua kwamba maneno yao yangekuwa mageni yakisomwa na sauti ngeni.

Mfumo huo ulianza kufunguka katika miaka ya 1990. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo vya binafsi nchini Tanzania, na Radio One ikaanza mwaka 1994. Kenya nayo ilipata vituo vya binafsi vya masafa ya FM katika nusu ya pili ya mwongo huo. Vituo hivi vilileta vipindi vya kumi bora kwa mtindo wa kuhesabu kurudi nyuma, simu ikachukua nafasi ya kadi, na muziki wa kizazi kipya, Bongo Fleva, ukapata mlango ambao redio ya taifa haikuwa na haraka ya kuufungua. Kwa njia ya kushangaza, sauti ya mji ilirudi: vituo vilisikika tena katika mji mmoja na vitongoji vyake, na lafudhi za mitaani zikarudi hewani. Ndipo neno *zilipendwa* likapata kazi kamili, kwa kuwa jambo huitwa la zamani pale jipya linapolisimamia kando.

Kanda, haki na wajibu wa wanafunzi wa lugha

Huzuni ya zilipendwa ina sura ya vitendo. Kanda za sumaku hazidumu milele. Hewa ya pwani yenye joto na unyevu huzidhoofisha, na mashine za kuzichezea huadimika mwaka hadi mwaka. Tangu miaka ya 2010 zimekuwapo juhudi za kuzihamishia nyimbo za maktaba ya Redio Tanzania kwenye mfumo wa dijitali, na kila wimbo unaookolewa ni matini ya Kiswahili iliyookolewa. Wanamuziki wenyewe, kwa sehemu kubwa, hawakupata malipo yanayolingana na umaarufu wao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikuja wakati ambapo Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965, Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, na Marijani Rajab, aliyefariki mwaka 1995, walikuwa wamekwisha kuondoka. Kuupenda wimbo na kumlipa mtunzi ni mambo mawili, na kauli ya kutendwa iliyomficha mpendaji ilimficha pia mdaiwa.

Kwa taaluma ya Kiswahili mambo matatu yanafuata. Kwanza, mashairi ya nyimbo za dansi yanaponukuliwa kama ushahidi wa lugha au wa fikra za zama fulani, mwaka wa kurekodiwa na studio iliyorekodi havina budi kutajwa, kwa sababu mchujo wa studio ni sehemu ya maana. Pili, lugha ya watangazaji na kadi za salamu zinastahili kukusanywa kwa bidii ileile inayotumika kukusanya tenzi na methali. Kadi nyingi zilitupwa baada ya kusomwa, na zilizobaki zimo mikononi mwa watu binafsi na katika kaseti walizorekodi nyumbani. Tatu, watunzi, wapigaji, mafundi mitambo na watangazaji walio hai wahojiwe kuhusu nyimbo zisizorekodiwa, maana hao ndio kumbukumbu pekee ya kile ambacho bawabu wa mlangoni alikizuia.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba zilipendwa zilipendwa na wasikilizaji halisi, walioandika barua halisi na kuwataja ndugu halisi. Mapenzi hayo si ya kubezwa. Lakini yalipita katika studio moja, chini ya kamati moja, na yakahesabiwa kwa kipimo ambacho si kila mtu aliweza kukifikia. Mtafiti anayeyajua hayo hapunguziwi raha ya wimbo. Huusikia pamoja na majina yaliyosomwa kabla yake, na hukumbuka kwamba palikuwa na wengine waliokuwa wakisikiliza ambao hawakuandika.